Tovuti za biashara zetu zimfikirie anayezitumia

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowatia hasara wafanyabiashara wa Unguja na Pemba kila siku bila ya wao kuliona, nalo ni ugumu wa kutumia tovuti zao. Tovuti zenyewe zipo. Siku hizi hata gesti ya vyumba vichache kule Jambiani na duka la vifaa vya ujenzi la Chake Chake vina anwani kwenye intaneti. Lakini mteja anapoingia akitaka kujua bei, saa ya kuondoka chombo, mahali ofisi ilipo au namna ya kulipa, mara nyingi hutoka bila ya jibu, na mwenye biashara hapati habari kwamba mtu huyo alipita, kwa sababu aliyeshindwa na tovuti hapigi simu kulalamika bali huenda kwa mwengine.

Kazi yangu ni kupanga nafasi za wageni kwa niaba ya nyumba kadhaa ndogo za kulala wageni, hapa mjini na huko mashamba, kwa hiyo tovuti hizi nazifungua kila siku, zetu na za wenzetu tunaoshirikiana nao: wenye boti, wenye magari ya kukodi, watembeza wageni. Ninayoyaeleza ndiyo ninayoyaona mezani kwangu.

Nianze na simu. Mteja wetu wa hapa kwa kawaida hana kompyuta; ana simu, mara nyingi ya bei ndogo, na bando la kuhesabu. Mgeni anayeshuka Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume naye hutafuta gari na chumba kwa simu aliyoishika mkononi. Hata hivyo tovuti nyingi hukaguliwa na mwenye biashara kwenye kompyuta yenye kioo kikubwa, ofisini, penye intaneti ya kasi, na hapo huonekana nzuri kweli. Zikifunguliwa kwenye simu, maandishi yanakuwa madogo mpaka yavutwe kwa vidole, menyu inafunika nusu ya ukurasa, na kitufe cha kuweka nafasi kinabaki nje ya kioo. Njia ya kutengeneza ukurasa mmoja unaojipanga wenyewe kulingana na upana wa kioo ilielezwa na Mmarekani Ethan Marcotte mwaka 2010, na tangu Aprili 2015 Google imekuwa ikizipandisha kurasa zinazofaa kwa simu pale mtu anapotafuta kitu kwa simu. Mtengenezaji yeyote anayelipwa leo anapaswa kulifanya hilo bila ya kuombwa.

Linalofuatia ni uzito. Picha moja iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera huweza kufika megabaiti 5, na hoteli ikiweka picha 12 za namna hiyo, ukurasa wa mwanzo peke yake unakuwa na megabaiti 60, ambazo mteja analipia kutoka kwenye bando lake kabla hajaona bei ya chumba. Picha hizo hizo zikipunguzwa upana na kubanwa hadi kilobaiti 200 kila moja, ukurasa mzima hauzidi megabaiti 3, na kwenye kioo cha simu ni vigumu kwa mtu kuona tofauti. Jakob Nielsen, mtaalamu kutoka Denmark aliyetumia maisha yake kuchunguza namna watu wanavyotumia kompyuta, aliandika mwaka 1993 kwamba sekunde 10 ndio mpaka wa mtu kuendelea kuelekeza akili yake kwenye kazi anayoisubiri. Google nayo ilieleza mwaka 2016 kwamba zaidi ya nusu ya wanaofungua kurasa kwa simu huondoka ukurasa ukichukua zaidi ya sekunde 3. Wasomaji watakumbuka pia Mei 2024, pale nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima. Katika siku za namna hiyo ukurasa mwepesi hufunguka, japo kwa taabu, ilhali ule mzito hubaki mweupe.

Lakini lililo zito zaidi kwangu, na ambalo nalionea uchungu hasa, ni fomu. Fomu nyingi za kuweka nafasi na kukata tiketi zimechukuliwa kutoka kwenye violezo vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani, zikawekwa hapa bila ya kubadilishwa kitu. Zinataka jina la kwanza na jina la ukoo, kila moja katika kisanduku chake. Mzanzibari hutambulikana kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Akikutana na visanduku viwili, mmoja huandika jina la baba katika kile cha pili, mwengine huandika la babu, na wa tatu huyaweka yote mawili pamoja, fomu ikamkatalia kwa sababu haikubali nafasi baina ya maneno. Tiketi inapotoka na jina lisilolingana na kitambulisho, anayepata taabu ni abiria, tena bandarini, dakika chache kabla ya chombo kung'oa nanga, huku nyuma yake pana foleni na mbele yake pana ofisa ambaye naye hana kosa. Dawa yake ni kisanduku kimoja kirefu chenye maelezo haya juu yake: «Andika jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho au pasipoti.» Hakuna gharama yoyote katika hilo.

Fomu hizo hizo hudai namba ya posta na jina la jimbo, tena kwa kulazimisha, hata pale ambapo kampuni haimpelekei mteja kitu chochote nyumbani kwake. Mtu wa Kengeja au Konde aandike nini hapo? Huandika sufuri tano ili apite, na kampuni inabaki na orodha ya wateja iliyojaa uongo ambao yenyewe imewalazimisha kuuandika. Namba ya simu ikianza na 0 hukataliwa, kwa kuwa aliyetengeneza alitaka ianze na 255, lakini hakuandika popote kwamba ndivyo anavyotaka. Kisha hutokea ujumbe mwekundu wa Kiingereza unaosema kuna kosa bila ya kusema kosa liko wapi, na pengine yote aliyoyaandika mteja yanafutika, aanze upya. Nimewashuhudia watu wazima, walimu wa skuli na wafanyabiashara wenye akili zao, wakijilaumu kwamba hawajui kutumia mtandao, na hilo ndilo linaloniumiza, kwa sababu kosa si lao hata kidogo.

Tarehe na saa nazo zina hatari yake. Mgeni kutoka Marekani akisoma 05/03 anaelewa tarehe 3 ya mwezi wa Mei, na sisi tunaelewa tarehe 5 ya mwezi wa Machi; mwezi ukiandikwa kwa jina lake, shaka inaondoka. Kwa upande wa saa, ukurasa wa Kiswahili unaoandika kwamba boti inaondoka «saa 7:00» bila ya neno jengine unamwambia abiria wa Wete kwamba aende mchana, kumbe chombo kinaondoka saa 1 asubuhi. Iandikwe «saa 1:00 asubuhi», na pembeni yake 07:00 kwa ajili ya mgeni, wote wawili wafike kwa wakati. Vilevile ofisi nyingi hubadilisha saa za kazi katika mwezi wa Ramadhani, jambo linalojulikana mapema, lakini tovuti zao hubaki na saa zile zile mwaka mzima.

Kuhusu mahali, Mji Mkongwe una shida yake ambayo tovuti zetu haziishughulikii. Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na vichochoro vyake ni sehemu ya sababu ya wageni kuja, lakini ndani ya vichochoro hivyo gari haliingii na alama ya ramani ya simu huyumba baina ya kuta ndefu. Gesti inayoandika «Mji Mkongwe, Zanzibar» na kuishia hapo haijamwelekeza mtu. Iandike gari limshushe wapi, atembee upande gani, apite mbele ya jengo gani, na iweke namba ya simu inayoanza na +255 inayoweza kubonyezwa ikapiga. Namba iliyoandikwa kwa sufuri peke yake huweza kumkwamisha mtu mwenye laini ya kigeni. Mgeni aliyepotea katika mtaa wa Malindi na mizigo yake hachelewi kuangukia mikononi mwa papasi, wale wanaowinda wageni njiani, na mara nyingi hulala katika nyumba nyengine kabisa.

Jambo jengine ambalo limeenea sana ni kuweka orodha ya bei, ratiba ya safari au menyu ya chakula kama picha ya bango. Maandishi yaliyomo ndani ya picha hayakui vizuri mtu anapoyavuta kwa vidole, na programu zinazowasomea kwa sauti watu wasioona haziwezi kuyategemea. Pia hayatafsiriki kwa urahisi, na hili ni muhimu kwetu, kwani wageni wetu wengi wanatoka Italia, Poland, Ufaransa na Ujerumani, na wengi wao hufungua ukurasa wakaibonyeza tafsiri ya simu yao. Ukurasa wenye maandishi halisi unageuka Kipolandi papo hapo. Bango linabaki lilivyo. Katika mlango huo huo niseme kwamba kampuni inayomuuzia Mzanzibari, iwe ya tiketi, ya bima au ya vifaa vya nyumbani, haina sababu ya kuwa na ukurasa wa Kiingereza peke yake.

Wazee wetu pia wasisahauliwe. Mtindo wa sasa wa herufi nyembamba za kijivu juu ya weupe unawashinda wenye macho dhaifu, na unamshinda kila mtu anayesoma juani. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya tovuti duniani, linataka tofauti ya mwangaza baina ya maandishi ya kawaida na kinachoyabeba isipungue 4.5 kwa 1. Kipimo hicho kimo katika viwango vyake tangu mwaka 2008, na zipo programu za bure zinazokipima kwa dakika moja.

Katika malipo ndipo mteja anapopoteza imani moja kwa moja. Zipo tovuti zinazopokea kadi za benki peke yake, ilhali wateja wengi wa hapa hulipa kwa simu. Zipo zinazomhamisha mteja ghafla kwenye anwani yenye jina asilolijua, na zipo ambazo hadi leo hazina kinga ya HTTPS, inayozuia taarifa za mteja zisisomwe njiani, ingawa tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome kimekuwa kikimwonya mtu waziwazi kwamba tovuti ya namna hiyo si salama. Baya kuliko yote ni pale fedha zinapokatwa na ukurasa ukarudi mwanzo bila ya risiti wala namba ya nafasi. Mteja hajui kama amelipa au hajalipa, basi hulipa mara ya pili, kisha ndiyo safari ya kudai inaanza. Tovuti inayopokea fedha za watu ni lazima iseme kwa maneno yaliyo wazi kwamba malipo yamefika au hayajafika, itoe namba ya kumbukumbu na ipeleke ujumbe kwenye simu ya mteja. Ikishindwa hayo haistahiki kupokea hata shilingi.

Wapo watakaosema kwamba hayo yote hayana uzito, kwa kuwa wageni wanakuja kupitia mawakala wa mtandaoni. Wanakuja, ni kweli, lakini kwa gharama. Booking.com, kampuni iliyoanzia Uholanzi mwaka 1996, kwa kawaida hutoza kamisheni ya asilimia 15 hivi, ikipanda au kushuka kwa mahali na makubaliano. Chumba cha dola 80 kikiuzwa kwa kiwango hicho, dola 12 zinakwenda kwa wakala kila usiku. Sisemi kwamba hawastahiki, maana wao wameifanya kazi ambayo sisi tumeiacha: kwao bei inaonekana, tarehe zinaeleweka, na uthibitisho unafika papo hapo. Lakini wapo wageni, nami huwasikia wakieleza wenyewe wanapofika, ambao waliiona nyumba kwa wakala, wakaitafuta tovuti ya nyumba hiyo ili walipe moja kwa moja, wakakuta bei za miaka mingi iliyopita na fomu isiyopeleka kitu, wakarudi kwa wakala. Hapo mwenye gesti amelipa kamisheni kwa mteja aliyekwisha kufika mlangoni kwake.

Wengine hujibu kwamba Instagram na WhatsApp zinatosha. Kwa mama anayeuza mikoba ya ukili au keki za harusi, pengine ni kweli, na simshauri aingie gharama asizozihitaji. Kwa biashara yenye vyumba, ratiba na bei zinazobadilika kwa msimu hazitoshi, kwani mteja analazimika kuuliza swali moja baada ya jengine na kungoja mtu aamke kumjibu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa saa sita hivi duniani kote, na aliyekuwa amezitegemea hizo peke yake hakuwa na pa kupatikana.

Chanzo cha haya yote, kwa maoni yangu, ni kwamba tovuti zetu huamuliwa na watu wasiozitumia. Mwenye biashara huita mtengenezaji akamwambia anataka kitu cha kupendeza: picha zinazojibadilisha zenyewe, video ya bahari, salamu ya mkurugenzi. Mtengenezaji huleta, mkubwa huridhika, hafla ya uzinduzi hufanyika, malipo hutolewa, na baada ya hapo hakuna anayerudi kuangalia. Katika mlolongo wote huo mteja hakuulizwa neno. Tena mara nyingi jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la mtengenezaji, na siku wakikosana au akihama, biashara inakuta anwani yake, iliyochapishwa kwenye kadi na mabango kwa miaka, haipo mikononi mwake.

Kinachohitajika ni jaribio moja ambalo halina gharama kubwa. Kabla ya kuizindua tovuti, achukuliwe mtu asiyeijua biashara ile, apewe simu ya kawaida inayotumia bando na si intaneti ya ofisi, na aambiwe: tafuta bei ya chumba cha watu wawili mwezi wa Agosti, kisha weka nafasi, au: kata tiketi ya boti ya kwenda Mkoani, Pemba, siku ya Ijumaa. Mwenye biashara akae pembeni anyamaze, asimwoneshe wala asimsaidie, aandike tu pale alipokwama. Afanye hivyo kwa watu watano: mzee mmoja, kijana mmoja, mtu wa Pemba, mgeni, na mmoja anayesoma Kiswahili tu. Nielsen alieleza mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro, na kwamba ni bora kujaribu mara kadhaa kwa watu wachache kuliko mara moja kwa watu wengi. Kunyamaza huko ndiko kugumu. Wakubwa wengi hawavumilii kumwona mtu akihangaika na kitu walichokilipia, lakini katika mahangaiko hayo ndimo yalimo majibu wanayoyahitaji.

Mkataba nao uandikwe kwa namna inayolinda biashara. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la biashara yenyewe. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya jaribio hilo, si siku ya uzinduzi. Aandikwe mtu, kwa cheo chake, mwenye wajibu wa kubadilisha bei, saa na namba za simu, na afundishwe kufanya hivyo bila ya kumtegemea mtengenezaji.

Naiomba Kamisheni ya Utalii, pamoja na jumuiya za wafanyabiashara wa Unguja na Pemba, ziwape wanachama wao mafunzo ya siku moja juu ya mambo haya, na mafunzo hayo yafanyike pia Chake Chake na Wete yasiishie mjini tu. Vyuo vyetu vinavyofundisha kompyuta, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, vinaweza kuwapeleka wanafunzi wao kufanya majaribio kwenye biashara ndogo zisizo na uwezo wa kulipa mtaalamu. Mwanafunzi atapata kazi halisi ya kuandikia ripoti na mwenye gesti atapata orodha ya kasoro zake. Kwa upande wangu, mwenye biashara yeyote wa mjini anayetaka kulijaribu hili na hajui aanzie wapi anaweza kunipata kupitia ofisi yako, Ndugu Mhariri, nami nitakaa naye siku yoyote isiyokuwa Ijumaa.

Wako,
Mpangaji nafasi za wageni,
Malindi, Zanzibar.